Majibu ya usugu wa dawa: Handeni na Korogwe zitasubiri siku tatu hadi lini?

MTOTO anayefikishwa hospitali ya wilaya akiwa na homa kali, pumzi za haraka na mwili uliolegea hupimwa malaria kwanza. Tone moja la damu kutoka kidoleni huwekwa kwenye kipande kidogo cha plastiki, na ndani ya dakika 15 hadi 20 jibu huwa limepatikana.

Jibu likiwa kwamba hana malaria, daktari wa zamu hubaki na swali zito zaidi ambalo kipande kile hakina uwezo wa kulijibu. Je, ni bakteria gani walioingia katika damu ya mtoto huyu, na ni dawa ipi itakayowaua?

Njia ya kawaida ya kujibu swali hilo ni kuotesha damu maabara. Damu hutiwa katika chupa yenye supu maalumu, huwekwa kwenye kabati lenye joto kama la mwili, bakteria wakichipua huhamishiwa kwenye sahani ya chakula chao, kisha hupandwa upya wakiwa wamezungukwa na vikaratasi vyenye dawa ili kuona ni dawa ipi inawazuia kukua. Kila hatua hula karibu usiku mzima. Kwa hesabu ya kawaida, jibu kamili hutoka kati ya saa 48 na 72 tangu damu ichukuliwe.

Kwa wilaya kama Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, muda huo ndio kiini cha tatizo. Haitoshi kuuliza kama maabara ina uwezo wa kupima, maana kipimo kinaweza kufanyika na jibu bado likamkuta mgonjwa amekwisha kufariki.

Ushahidi wa hilo uko jirani tu, upande wa pili wa mpaka. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliotesha damu ya watoto waliolazwa kati ya Agosti 1998 na Julai 2002. Taarifa yao iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kuwa watoto 308 waliokuwa na bakteria katika damu walifariki, na kati yao 103 walifariki siku ile ile waliyolazwa. Ndani ya siku mbili, idadi ilikuwa imefika 217, sawa na asilimia 70.

Kwa maana nyingine, jibu la siku tatu lingewafikia wazazi saba kati ya kila 10 waliofiwa wakati mazishi yamekwisha. Jibu la namna hiyo lina faida yake kwa takwimu na kwa mgonjwa atakayefuata, lakini kwa yule aliyetolewa damu halina msaada wowote.

Korogwe si mgeni katika masuala ya maabara. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina maabara ya utafiti mjini humo, na wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza mwaka 2009. Kabla ya hapo, Korogwe na Kilifi ziliendesha kwa pamoja jaribio dogo la chanjo hiyo hiyo, ambalo matokeo yake yalitangazwa Desemba 2008.

Kutokana na kazi za namna hiyo, mwaka 2013 watafiti waliwachunguza watoto wa chini ya miaka mitano waliofika na homa katika hospitali ya wilaya ya Korogwe, maarufu kwa jina la Magunga. Walipima malaria, wakaotesha damu na mkojo. Takriban mtoto mmoja tu kati ya 10 ndiye aliyekuwa na malaria. Waliobaki walikuwa na nimonia, mafua ya njia ya juu ya hewa, kuhara, maambukizi ya mkojo na, kwa wachache, bakteria katika damu, hasa wale wa homa ya matumbo.

Matokeo hayo yangewashangaza wengi miaka 10 tu kabla. Mwaka 2002, uchunguzi katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulihusisha wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Darubini ilipotazama kwa uangalifu, asilimia 46 tu ndio walikuwa na vimelea vya malaria. Kilichotisha zaidi ni kwamba wale ambao hawakuwa na malaria walifariki kwa asilimia 12, wakati waliokuwa nayo walifariki kwa takriban asilimia saba. Watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa mwingine huku wakitundikiwa kwinini.

Wilayani Muheza, mkoa huo huo wa Tanga, picha ilikamilika zaidi. Kati ya mwaka 2006 na 2007, watoto 3,639 wenye homa waliolazwa katika Hospitali Teule waliotesha damu, na 341 kati yao walikutwa na maambukizi makali ya bakteria. Aliyeongoza ni salmonela, ndugu wa bakteria wa homa ya matumbo, ambaye katika nchi za baridi huishia kumharisha mtu siku mbili tatu, lakini kwa mtoto mwenye upungufu wa damu na malaria huingia katika mishipa na kuua.

Watafiti hao walijaribu pia vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vinavyomwelekeza daktari ni mtoto yupi apewe dawa za kuua bakteria kwa kutazama dalili pekee. Kwa watoto waliokuwa na malaria, vigezo viliwakosa wanne kati ya kila 10 waliokuwa na bakteria. Kwa wasio na malaria, viliwakosa karibu watatu kati ya 10. Jicho la daktari, hata likiwa na uzoefu wa miaka mingi, halioni ndani ya damu.

Ujio wa kipimo cha haraka cha malaria ulitegemewa kuondoa ubashiri huo, na kwa sehemu uliuondoa. Dawa za malaria hazigawiwi tena kama njugu. Lakini mkono wa mwandishi wa cheti haukurudi mfukoni. Ulihamia rafu ya pili.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya laki tano kutoka nchi kadhaa za Afrika na Afghanistan, ulionyesha kuwa asilimia 69 ya waliokutwa hawana malaria waliandikiwa antibiotiki, ikilinganishwa na asilimia 40 ya waliokutwa nayo. Hapo ndipo penye funzo ambalo wanaozungumzia vipimo vya haraka vya usugu hulipita kwa kasi mno. Kipimo kinachosema tu "si hiki" humsukuma tabibu kwenye dawa iliyo karibu na mkono wake. Kinachohitajika safari hii ni kipimo kitakachotaja dawa inayofaa.

Nje ya geti la hospitali hali ni ngumu zaidi kuidhibiti. Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, yameruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki, zikiwamo amoksilini na septrini. Yameokoa maisha ya watu wengi wanaoishi mbali na zahanati, na haitakuwa haki kuyabebesha lawama yote. Hata hivyo, kila Mtanzania anamfahamu mtu aliyewahi kununua "rangi mbili" chache, akameza mpaka homa ikashuka, na zilizobaki akamhifadhia mwanawe.

Bakteria ambao hawakufa katika dozi kama hiyo hubaki na kuzaana. Wengine hubeba vinasaba vya usugu katika vipande vidogo ambavyo wanaweza kupeana, hata wakiwa wa aina tofauti, ndani ya utumbo wa mtu mmoja.

Madhara yake yamekwisha kuhesabiwa hapa nchini. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, utafiti wa mwaka 2001 na 2002 ulifuatilia watoto 1,828 waliolazwa wakishukiwa kuwa na maambukizi ya mwili mzima. Miongoni mwa wale waliothibitika kuwa na bakteria katika damu, zaidi ya theluthi moja walifariki. Waliokuwa na bakteria wenye kimeng'enya kinachoharibu dawa za jamii ya seftriaksoni walifariki saba kati ya 10, wakati waliokuwa na bakteria wa aina hizo hizo wasio na kimeng'enya hicho walifariki karibu wanne kati ya 10.

Tangu wakati huo hali imezidi kuwa mbaya. Mwaka 2014 watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walitangaza kuwapata bakteria wenye vinasaba vinavyowawezesha kuishinda hata meropenemu na ndugu zake, dawa ambazo daktari huzishika pale nyingine zote zinapogonga mwamba. Utafiti mwingine wa hivi karibuni uliohusisha Tanzania, Kenya na Uganda umeonyesha kuwa karibu nusu ya bakteria waliooteshwa kutoka katika mkojo wa wagonjwa walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi.

Kidunia, makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yanasema watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu huo, na Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Sasa, je, haraka inawezekana?

Kwa bakteria mmoja imekwisha kuwezekana, na wananchi wa Handeni na Korogwe wanamjua vizuri. Kifua kikuu husababishwa na bakteria. Hadi mwaka 2010 kumtambua mgonjwa mwenye kifua kikuu sugu kulichukua wiki nyingi, kwa kuwa bakteria huyo ni mvivu wa kuzaana. Hugawanyika mara moja tu kwa karibu siku nzima. Desemba mwaka huo WHO iliidhinisha mashine ya GeneXpert, ambayo hupokea makohozi na kutoa majibu mawili ndani ya saa mbili: kama kifua kikuu kipo, na kama kimekuwa sugu kwa rifampisini.

Mashine hizo zimefika hadi hospitali za wilaya nchini. Kwa maeneo yenye wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama yale ya Magambazi wilayani Handeni, ambako vumbi la mawe huharibu mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu, hilo si jambo dogo. Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu anaweza kutambuliwa kabla hajarudi shimoni kuambukiza wenzake.

Inashawishi kusema basi, na iletwe mashine ya namna hiyo kwa bakteria wengine wote. Wapo wanaosema hivyo kwenye mikutano, na wauzaji wa mitambo hawawapingi. Lakini kuna sababu mbili zinazofanya jambo hilo lisiwe jepesi, na zote ni za kimaumbile.

Ya kwanza ni wingi. Toleo jipya la kipimo cha GeneXpert linaweza kumwona bakteria wa kifua kikuu hata wakiwa 16 tu katika mililita moja ya makohozi, na mgonjwa huwa na maelfu. Damu ni habari nyingine. Mtu anaweza kuwa mahututi kwa sumu ya bakteria huku kila mililita ya damu yake ikiwa na chini ya bakteria mmoja. Mililita mbili zilizochotwa kwa shida kwenye mkono wa mtoto huenda zikawa na bakteria wawili tu, au asiwemo hata mmoja. Hakuna mashine inayoweza kumsoma asiyekuwemo, na ndiyo maana hatua ya kuwaotesha kwanza haijapata mbadala wa kuaminika.

Ya pili ni mbinu. Usugu wa rifampisini karibu wote hutokana na mabadiliko katika sehemu moja fupi ya kinasaba kimoja, hivyo mashine inajua mahali pa kutazama. Bakteria kama klebsiela na E. koli wana njia nyingi mno. Mmoja hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa, mwingine huziba matundu ambayo dawa hupitia, wa tatu huipampu nje kadiri inavyoingia. Mashine inayotafuta njia 10 itampa ruhusa yule aliyepita njia ya 11.

Bahati njema ni kwamba bakteria hao, tofauti na wa kifua kikuu, wana haraka. E. koli katika supu nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja akianza saa 2 asubuhi, kwa hesabu, saa 10 jioni wamezidi milioni 16. Ni haraka hiyo hiyo inayoua mgonjwa, na ndiyo ambayo maabara inaweza kuigeuza silaha.

Hilo ndilo lililofanywa na kamati ya Ulaya inayoweka viwango vya vipimo vya usugu, EUCAST. Kuanzia mwaka 2018 ilitangaza utaratibu ambao chupa ya damu ikishaonyesha dalili ya bakteria, supu yake humwagwa moja kwa moja kwenye sahani na kuwekewa vikaratasi vya dawa, bila kusubiri usiku wa kuwatenga kwanza. Duara lisiloota bakteria hupimwa kwa rula baada ya saa 4, 6 au 8, kwa kutumia jedwali lililotengenezwa mahususi kwa saa hizo.

Vifaa ni vile vile ambavyo maabara yoyote inayootesha bakteria tayari inavyo: sahani, vikaratasi na rula. Hakuna mashine mpya ya kununua. Kinachobadilika ni saa ya kusoma, na ulazima wa kuwa na mtu wa kusoma saa hiyo. Chupa ikitoa dalili saa 3 asubuhi, daktari anaweza kuambiwa kabla jua halijazama kwamba seftriaksoni anayompa mgonjwa haitamsaidia.

Zipo pia njia zinazotazama kimeng'enya chenyewe. Mwaka 2012 wanasayansi wa Ulaya walieleza kipimo cha rangi ambacho bakteria huchanganywa na dawa ya jamii ya meropenemu katika kimiminika chekundu. Wakiivunja dawa, kimiminika hugeuka njano ndani ya saa mbili. Vijiti vya karatasi vinavyofanana na kile cha malaria au cha mimba navyo vinauzwa, na vinaweza kutambua ndani ya dakika 15 kimeng'enya cha CTX-M, ambacho ndicho kimeenea zaidi Afrika Mashariki kati ya vile vinavyoharibu seftriaksoni. Vyote hivyo vinahitaji chupa iliyokwisha kuota. Hakuna kinachofanya kazi kwa tone la kidole.

Kwa hiyo safari nzima inaanzia kwenye chupa, na hapo ndipo wilaya nyingi zinapokwama kabla ya kufika kwenye sayansi.

Uchunguzi wa bara zima uliotangazwa mwaka 2022, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 14 zilizohusika, ulihesabu maabara za tiba karibu 50,000. Zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria zilikuwa asilimia 1.3 tu. Nyingine zote, pamoja na darubini zao na bidii ya watumishi wake, hazikuwa na namna ya kumwambia daktari ni dawa ipi itafanya kazi.

Sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Sahani za kuoteshea huharibika zikikaa muda mrefu, baadhi huhitaji damu ya kondoo iliyo salama, vikaratasi vya dawa vinataka friji isiyozimika, na kabati la joto halivumilii umeme unaokatika usiku kucha. Kisha upo mduara ambao kila msimamizi wa maabara anaufahamu: madaktari hawaleti sampuli kwa sababu majibu huchelewa, sampuli zikikosekana vitendanishi vinapitwa na muda na kutupwa, na vikishatupwa mhasibu anauliza kwa nini vinunuliwe tena. Mwaka unaofuata daktari akileta sampuli, hakuna pa kuiweka.

Jibu la haraka linaweza kuuvunja mduara huo kuliko semina yoyote. Daktari aliyepata jibu siku hiyo hiyo na kumwona mgonjwa wake akiinuka atachukua damu tena kesho. Aliyepata jibu siku ya nne, akalibandika kwenye faili lililofungwa, hatachukua.

Swali la umbali nalo lina uzito wake. Kati ya Handeni na Korogwe kuna kilometa 65 za lami, na kutoka Korogwe hadi Tanga mjini, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, ni takriban kilometa 100. Ni safari ya asubuhi moja kwa basi. Lakini chupa ya damu inatakiwa kuingia kwenye kabati la joto mapema, na kila saa inayopotea njiani huongezwa kwenye muda wa jibu. Mtu anaweza kununua kipimo cha saa sita na kukizika ndani ya safari ya saa 24.

Utaratibu wa kusafirisha sampuli si jambo geni. Makohozi na damu za kupima wingi wa virusi vya Ukimwi husafirishwa kutoka vituo vidogo kwenda maabara kubwa, na mtandao huo ungeweza kubeba chupa nyingine kwenye kisanduku hicho hicho. Tofauti ni kwamba sampuli ya virusi inaweza kungoja gari la Jumatano. Hii haingoji.

Ndiyo maana hoja ya kuweka uwezo wa kuotesha Korogwe, mji ulio kando ya barabara kuu ya Segera kwenda Moshi na wenye historia ya miaka mingi ya utafiti, ina mantiki kuliko kutawanya mashine moja moja kila wilaya. Handeni, Kilindi na Lushoto zote zinaweza kuifikia. Kilichokosekana kwa muda mrefu katika maeneo ya namna hiyo ni daraja kati ya maabara ya utafiti na wodi. Mradi huja na bajeti yake, chupa hujaa, damu huoteshwa, taarifa huchapishwa Ulaya au Marekani, mradi hufungwa, na wodi hurudi kwenye kubahatisha.

Ipo pia hatari ya upande wa pili ambayo ni lazima isemwe. Kipimo kikisema seftriaksoni haifai, daktari ataandika nini? Meropenemu ni ghali, ni dawa inayotarajiwa zaidi kwenye hospitali za rufaa, na ikianza kutumika ovyo itakwenda njia ya seftriaksoni. Amikasini au dawa za zamani kama kloramfenikoli wakati mwingine hufaa, na kwa mshangao wa madaktari vijana, baadhi ya bakteria wanaweza kukutwa wamerudi kuiogopa dawa iliyoachwa siku nyingi. Lakini hilo nalo hujulikana kwa kupima tu, na dawa lazima iwepo stoo siku jibu linapotoka.

Handeni ina jambo lake la ziada. Tangu mwaka 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia za wafugaji kutoka Ngorongoro pamoja na mifugo yao, katika uhamisho uliozua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi. Wafugaji wengi kaskazini mwa Tanzania huchoma wenyewe sindano za oksitetrasaiklini kwa ng'ombe, dawa ambayo hupatikana kirahisi madukani na minadani.

Ingekuwa rahisi kumtupia lawama mfugaji. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2020 uliwakuta bakteria sugu wametapakaa kwa watu, mifugo, wanyamapori na maji, na ukaonyesha kuwa namna wanavyosambaa ina uzito mkubwa, si matumizi ya dawa peke yake. Katika wilaya ambayo kwa miongo mingi wananchi wamegombea maji ya lambo pamoja na mifugo, bomba la maji safi ni sehemu ya vita hii kama ilivyo maabara. Chanjo nazo zimo humo. Tangu Tanzania ilipoanza kutoa ile ya kichomi mwaka 2013, mtoto asiyeugua nimonia haitaji antibiotiki wala kipimo.

Serikali haijakaa kimya. Mpango kazi wa kwanza wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi, ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022, na wa pili unakwenda 2023 hadi 2028. Septemba 2024 mataifa yalikutana Umoja wa Mataifa, New York, na kuahidi kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusishwa na usugu ifikapo mwaka 2030.

Ahadi hiyo ilipokuwa bado mbichi, fedha zilianza kukauka. Mfuko wa Fleming wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 2015 kwa pauni milioni 265 kusaidia maabara za ufuatiliaji wa usugu katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo, ulitangaziwa mwisho Julai 2025. Mapema mwaka huo Marekani nayo ilikuwa imelisambaratisha shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likigharimia kazi nyingi za maabara barani Afrika.

Waliozoea kuona vitendanishi vikishuka kutoka kwenye magari ya wafadhili sasa watalazimika kuvitafuta katika vitabu vya Bohari ya Dawa (MSD) na katika mapato ya hospitali zenyewe. Bei si ya kutisha ikilinganishwa na mashine kubwa. Chupa, sahani na vikaratasi ni vitu vya matumizi ya kila siku. Ugumu ni kwamba vinatakiwa kila mwezi, bila kukatika, na vinahitaji mteknolojia wa zamu atakayeamka usiku kusoma duara la saa sita.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na halmashauri za Handeni na Korogwe huandaa makisio yao miezi kadhaa kabla. Kifungu cha vitendanishi vya kuotesha bakteria, pamoja na posho ya zamu ya usiku ya maabara, ndicho cha kutazamwa makisio hayo yatakapofikishwa mbele ya madiwani.